Kutoka Riyadh hadi shambani Makueni

Nafanya kazi za nyumbani Riyadh. Dada yangu yuko Jeddah. Tunamtumia mama pesa Makueni, Kenya, lakini pesa peke yake hazikuongeza gunia hata moja shambani kwake. Mavuno yalibadilika alipojiunga na chama cha akina mama. Afisa ugani aliwafundisha kuchimba mashimo ya zai, yanayokinga maji ya mvua na kushika mbolea. Ndengu sasa wanaziuza kwa pamoja, na dalali hawapangii bei.

Desemba 2024, Umoja wa Mataifa ulifanya hapa Riyadh mkutano wa kupambana na kuenea kwa jangwa; haki ya wanawake wakulima, kama mama, kumiliki ardhi ilijadiliwa.

Wenzangu mlio ughaibuni, mkituma pesa, ulizeni pia: mama yuko kikundi gani?