Banda la Video ni Soko la Filamu

Lawama kwa filamu za Kitanzania hazibadiliki: hadithi zinafanana, sauti ni mbovu, kisa cha saa moja kinavutwa mpaka kifike sehemu ya pili. Zina ukweli, ila zinamwangukia mwandishi na mwongozaji, wakati chanzo kiko kwenye usambazaji. Jinsi filamu inavyouzwa ndiyo inayoamua jinsi inavyotengenezwa. Anayetaka kuliona hilo asiishie Kariakoo. Aitazame biashara hii akiwa Rugu, wilayani Karagwe, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam, mahali ambapo filamu hufika kwa kuchelewa, au kwa wizi, au haifiki kabisa.

Tasnia hii ya Bongo Movie, iliyopata nguvu baada ya filamu ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, ilijengwa juu ya kanda na baadaye diski. Mtayarishaji aligharamia kazi, kisha mara nyingi akamuuzia msambazaji haki zote kwa mkupuo. Kampuni ya Steps Entertainment ndiyo iliyotawala soko hilo. Diski ikiuzwa nakala elfu kumi au laki moja, aliyeuza haki zake hakuongezewa kitu. Kwa hiyo njia pekee ya kubakiwa na faida ilikuwa kupunguza gharama: siku chache za kupiga picha, nyumba moja ya kuazima, wahusika wanaoongea sebuleni. Kuigawa hadithi sehemu mbili kulimpa msambazaji diski mbili za kuuza kutokana na kazi moja. Tunachokiita uvivu wa kisanii kilikuwa hesabu. Na soko lenyewe halikudumu. Stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye diski mwaka 2013, na Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi, lakini tayari watu walikuwa wanajaziwa filamu kwenye flashi na kadi za simu.

Wenzetu wa Marekani hawaitegemei njia moja. Filamu huanza kwenye majumba ya sinema, zamani kwa takriban miezi mitatu, na tangu Uviko-19 mara nyingi kwa siku 45 hivi, ndipo iende mitandaoni na kwenye televisheni. Kila hatua inamfikia mlipaji mwenye mfuko tofauti. Hata tarehe huchaguliwa: Jaws ilitoka Juni 1975, watu wakiwa kwenye mapumziko ya kiangazi, na studio zikaugeuza msimu huo kuwa wa filamu kubwa. Sisi majumba ya sinema tunayo machache, tena mijini. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilizinduliwa Toronto mwaka 2021, na Binti ya Seko Shamte ikaingia Netflix. Ni mafanikio ya kujivunia, ila mkulima wa kahawa wa Rugu hawezi kuyafikia bila kadi ya benki na bando kubwa. Zilizoleta fedha nyumbani ni chaneli za Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu ya Azam, na tazama kilichotokea: wasanii wengi wamehamia kwenye tamthilia za vipindi visivyoisha, kwa kuwa televisheni inahitaji kitu cha kuonyesha kila wiki. Mlipaji alipobadilika, umbo la kazi nalo likabadilika.

Njia iliyosahauliwa ni banda la video, lile tunaloliita kibanda umiza. Ndiko watu wa vijijini walikojifunza kulipa kiingilio, wakasikiliza filamu za Kihindi na Kimarekani zikisimuliwa kwa Kiswahili na kina Lufufu. Ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda, wasimulizi kama VJ Jingo walijenga biashara nzima juu ya mabanda hayo. Najua jibu litakalokuja: wenye mabanda ndio wezi wakubwa. Ni kweli wengi huonyesha kazi bila idhini ya mwenyewe, lakini nani amewahi kuwauzia iliyo halali? Banda lina mlango, lina mwenyewe, na mtendaji wa kijiji analijua. Kulitoza ni rahisi kuliko kuikimbiza flashi mfukoni. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 tayari inataka eneo la maonyesho liwe na leseni na filamu ihakikiwe kwanza, kwa hiyo hata hofu ya watoto kuonyeshwa filamu zisizowafaa ina pa kushughulikiwa. Wengine husema simu imeliua banda. Imelipunguza, sikatai. Lakini mabanda hayohayo hujaa kwa mechi za Ligi Kuu ya England, ushahidi kwamba watu wangali tayari kulipa ili watazame pamoja jambo ambalo hawawezi kulipata nyumbani usiku huo.

Maneno “usiku huo” yana uzito. Filamu mpya ikitangulia mabandani wiki mbili kabla ya kuingia kwenye simu, kiingilio kitakuwa na maana. Ikitoka katikati ya mwaka, robusta ya Karagwe na Kyerwa inapovunwa na kuuzwa, itamkuta mtazamaji akiwa na fedha mkononi. Bodi ya Filamu, Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) na watayarishaji wakae na wenye mabanda wa wilaya moja kati ya hizi mbili, wakubaliane mgawo wa kiingilio, waanze na filamu moja msimu ujao wa kahawa.