Kwa Nini Mnunuzi Hakurudi?

Mtu aliyetembezwa katika nyumba inayouzwa huko Kamembe, akazunguka vyumba vyote, akachungulia jikoni, akashukuru na kusema, "Sawa, Mama, nitarudi," aghalabu hatarudi. Watu wa Rusizi si wepesi wa kumkosoa mwenyeji ndani ya nyumba yake. Mgeni hatasema kwamba chumba kinanuka uvundo, wala kwamba ukuta umemtia hofu. Atausifu upepo wa ziwa, ataaga kwa adabu, na mwenye nyumba atabaki akihesabu siku pasipo kujua ni kitu gani kilichomfukuza.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jamaa za askari na polisi, kwa kuwa amri ya uhamisho haingoji bei nzuri. Tuchukue mfano wa familia ya sajini mmoja wa polisi, yenye nyumba ya vyumba vinne katika sekta ya Gihundwe. Sajini akahamishiwa Nyagatare, upande wa pili kabisa wa nchi. Mkewe akabaki na watoto watatu ili auze nyumba kabla ya muhula mpya wa shule kufunguliwa. Fedha ya nyumba hiyo ndiyo ambayo ingelipa salio la mkopo na kuanzisha msingi wa nyumba nyingine. Katika muda wa wiki sita wakaja watazamaji kumi na mmoja. Wote walisema watarudi.

Katika chumba cha watoto palikuwa na ufa. Ulianzia pembe ya juu ya dirisha ukapanda kwa mshazari hadi karibu na dari. Kabla ya kuondoka, sajini alimwagiza fundi auzibe kwa sementi na kukipaka chumba hicho rangi mpya, ya samawati. Kazi ilikuwa safi. Hata hivyo, chumba hicho ndicho kilichomponza.

Mtu anayeingia katika nyumba ambayo vyumba vyote vina rangi iliyofifia, kisha akakuta kimoja kinang'aa, hajiulizi rangi hiyo imegharimu kiasi gani. Hujiuliza imeficha nini. Huko Rusizi swali hilo si la mzaha. Tarehe 3 Februari 1908 hakuna anayeikumbuka. Lakini Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, watu wazima wengi wa wilaya hiyo wanaikumbuka. Siku hiyo tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9, ambalo kitovu chake kilikuwa karibu na Bukavu, ng'ambo ya mto, liliangusha nyumba na makanisa katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, na watu zaidi ya 30 wakafa upande wa Rwanda, baadhi yao wakiwa katika ibada. Bonde la ziwa Kivu limo katika ufa mkuu wa Afrika Mashariki, na ardhi yake haijatulia. Kwa hiyo mnunuzi wa Rusizi huingia nyumbani akitazama kuta kabla ya kutazama samani.

Methali inayohusu ufa na ukuta inajulikana na kila mtoto wa shule. Lakini haikusema kwamba ufa uzibwe kwa rangi.

Tena, si kila ufa ni wa kutisha, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapojidhulumu wenyewe. Nyufa nyembamba kama unywele, zinazotambaa juu ya lipu kama utando wa buibui, mara nyingi ni za lipu yenyewe iliyokauka upesi mno. Ufa unaostahili hofu ni ule unaokwenda kwa mshazari, unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, unaopana upande mmoja kuliko mwingine, au unaopitisha mwanga hadi nje. Ukifuatana na mlango usiofunga vizuri au sakafu iliyoinama, basi msingi umesogea. Mafundi wa zamani wana njia rahisi ya kupima: hubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa sementi kila upande, na kuandika tarehe ukutani. Kioo kikivunjika baada ya miezi kadhaa, ufa unaendelea kukua. Kikibaki kizima baada ya msimu wa masika na kiangazi kupita, kuna sababu ya kuamini kwamba nyumba imekwisha kaa mahali pake.

Kitu cha pili kinachofukuza watu ni maji, yakiwa mengi au yakiwa hayapo. Mvua za Rusizi ni nzito, hasa kuanzia Machi hadi Mei, na nyumba nyingi zimejengwa katika miteremko iliyochongwa. Mahali pa namna hiyo maji ya mlima mzima hushuka yakitafuta ukuta wa nyuma. Pasipokuwa na mfereji, ukuta hunyonya maji kutoka chini, lipu huvimba na kumomonyoka kimo cha goti, na uvundo hukaa ndani hata wakati wa kiangazi. Nyumba za matofali mabichi, yaitwayo rukarakara, huumia zaidi endapo hazikuinuliwa juu ya msingi wa mawe. Si kwamba rukarakara ni tofali baya. Likikingwa juu kwa paa lililochomoza na chini kwa mawe, hudumu miaka mingi. Mnunuzi mwerevu hugusa ukuta kwa kiganja, nyuma ya kabati hasa, na wengine huja makusudi siku ya mvua.

Kuhusu maji yasiyokuwapo, hakuna haja ya maelezo marefu. Mwenye nyumba anaweza kusema kwamba bomba hutoa maji kila siku. Lakini madumu kumi ya manjano yaliyopangwa ukumbini yamekwisha mkanusha kabla hajafungua mdomo. Afadhali aseme ni siku zipi maji huja, na aonyeshe tangi la kukingia mvua, ambalo kwa nchi yenye mvua kama ile lina thamani yake.

Harufu nayo ni mtangazaji asiyenunulika. Choo kilichojaa, zizi la mbuzi chini ya dirisha, moshi wa mkaa ulioganda darini: wakazi wamezoea, mgeni hakuzoea. Hata sambaza, wale samaki wadogo ambao ni fahari ya ziwa Kivu, hawafai kukaangwa asubuhi ya siku ya kuonyesha nyumba. Mlaji atafurahi, ila mnunuzi atajiuliza kama mapazia yote yananuka hivyo mwaka mzima.

Juu ya paa kuna jambo zito zaidi. Katika majengo ya zamani bado huonekana vigae vya asbesto, vya kijivu na vyenye mawimbi mapana. Vikikaa vizima havina madhara makubwa, lakini vikikatwa, vikitobolewa au vikichakaa, hutoa vumbi la nyuzi ndogo zinazoingia mapafuni na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Serikali ya Rwanda imekuwa ikisimamia kuondolewa kwa mapaa hayo kwa zaidi ya miaka kumi, na kazi hiyo hufanywa na watu waliofunzwa, wenye mavazi ya kujikinga, si kwa vijana wa mtaani na nyundo. Mnunuzi anayejua hilo huingiza gharama ya paa jipya katika hesabu yake papo hapo, au huondoka. Muuzaji anayevunja vigae hivyo usiku ili kuuficha ukweli huwahatarisha watoto wake mwenyewe.

Lakini wapo wanunuzi wasiotishwa na ufa wala harufu, na ambao hutishwa na karatasi. Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda ilipima na kuandikisha viwanja zaidi ya milioni 10, na kila kiwanja kikapewa namba yake ya pekee, ijulikanayo kwa herufi UPI. Mtu anayeuza nyumba leo na kusita kuitaja namba hiyo hujitia mashakani mwenyewe. Kwa namba hiyo mnunuzi huweza kuuliza kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, kimepangiwa matumizi gani, na kama kuna zuio lolote juu yake. Nyumba iliyowekwa rehani benki haikosi kuuzika. Kinachokosa kuuzika ni rehani iliyofichwa. Wengi wa askari na polisi wamekopa, kwa mfano katika Zigama, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya wanajeshi na baadaye kikawapokea wenzao wa vyombo vingine vya usalama. Hakuna aibu katika hilo. Mwenye deni aende kwa mkopeshaji, apewe salio kwa maandishi, na amwonyeshe mnunuzi jinsi deni litakavyolipwa katika mauzo yenyewe. Vivyo hivyo kodi ya kila mwaka ambayo haijalipwa: itajitokeza tu, na ikijitokeza siku ya kuhamisha hati, mnunuzi hudhani kuna mengine.

Zaidi ya yote, sheria ya ardhi, ile ya mwaka 2013 na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2021, inadai ridhaa ya wote walioandikwa katika hati. Mume hawezi kuuza peke yake nyumba iliyo kwa majina mawili, wala mke hawezi. Hapo ndipo familia ya sajini ilipokuwa na kasoro nyingine isiyoonekana ukutani. Kila mtazamaji aliuliza, "Afande yuko wapi?" Mkewe alijibu kwamba yuko kazini mbali. Jibu lilikuwa la kweli, lakini mikononi hakuwa na barua ya wakala iliyothibitishwa na noteri, wala tarehe ya likizo ya mumewe. Mnunuzi mwenye fedha za jasho lake hana budi kuhofia kwamba siku moja mume atatokea na kusema hakuuza.

Mashaka ya namna hiyo si ya Rusizi peke yake. Katika miji mingi ya Kongo huonekana kuta zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi, kwa sababu matapeli wamekwisha uza nyumba zisizo zao. Rusizi hali ni tofauti, ukutani huandikwa "Inzu igurishwa" pamoja na namba ya simu. Lakini maandishi hayo yakififia kwa jua la misimu miwili, nayo hufukuza watu. Kila apitaye hudhani kwamba wengine wameona jambo ambalo yeye hajaliona.

Madalali, ambao Wanyarwanda huwaita makomisioneri, wanaweza kusaidia au kuharibu. Mke wa sajini aliwapa kazi watatu. Kila mmoja alitaja bei yake, akiongeza chake juu, hata mnunuzi mmoja akasikia bei tatu za nyumba moja katika siku moja. Huyo hakuja hata kutazama. Dalali mmoja mwenye bei moja iliyoandikwa ni bora kuliko watatu wenye ndimi tatu.

Yapo na madogo ambayo hayagharimu kitu. Mwenyeji anayemfuata mgeni unyo kwa unyo akieleza kila msumari humchosha. Yule anayeeleza kwamba jirani ni mkorofi ameuza ugomvi pamoja na nyumba. Minyaa ya mpakani iliyoachwa ikaingia kwa jirani huleta swali la mipaka ambalo lingeweza kumalizwa kwa panga na asubuhi moja. Na kama kiwanja kiko karibu na ziwa, umbali kutoka majini upimwe na usemwe, maana sheria za ukingo wa ziwa huwazuia watu kujenga watakavyo, na mnunuzi anayeota kuongeza vyumba ufukweni atayajua hayo siku akienda kuomba kibali.

Aliyeigeuza hali ya nyumba ile ya Gihundwe alikuwa fundi mzee wa jirani. Alikuja akagonga ukuta wa chumba cha watoto kwa kifundo cha kidole, akasema, "Mama, fungua hiki. Kilichofungwa ndicho kinachoogopesha." Mke wa sajini alimpigia mumewe simu. Sajini hakufurahi, alikwisha lipa rangi, na alihofia kwamba bei itaanguka. Walibishana siku mbili. Mwishowe lipu ikabanduliwa, ufa ukaonekana wote, na mzee akapata chanzo chake: maji ya paa yaliyokuwa yakimwagika kwenye pembe ile kwa miaka mingi, yakaulainisha udongo chini ya msingi. Mfereji ukachimbwa, bomba la paa likaelekezwa mbali, na kioo kikabandikwa juu ya ufa, na tarehe ikaandikwa kando yake kwa penseli.

Muhula mpya ulifunguliwa nyumba ikiwa haijauzwa. Watoto walianza masomo Gihundwe, baba yao akiwa Nyagatare, na familia ililipa gharama ya nyumba mbili kwa miezi minne. Mtazamaji wa kumi na nne alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyefuatana na mkewe. Walionyeshwa ufa kwanza, kabla ya sebule. Mwalimu alikiinamia kioo, akasoma tarehe, akauliza kama mvua za mwezi uliopita zilikuwa kubwa upande huo. Akaambiwa ndiyo. Aliomba punguzo la faranga milioni moja na nusu kwa ajili ya kuimarisha pembe hiyo, akapewa milioni moja.

Sajini alifika kwa likizo ya siku tatu, wakaenda kwa noteri wote wanne.