KWA NINI VIDEO HUKWAMA NYUMBANI

Katika nyumba kadha wa kadha za Kigoma na Ujiji siku hizi utakuta kisanduku kidogo chenye taa zinazometameta, kiitwacho ruta. Kazi yake ni kuipokea intaneti na kuigawa nyumbani bila ya waya, na ugawaji huo ndio uitwao waifai. Wanafunzi hukitumia kutazama masomo ya sayansi, hasa majaribio ambayo vifaa vyake ni haba. Lakini mara nyingi picha husimama katikati ya jaribio, na mzazi, akidhani kwamba bando ni dogo, hutoa fedha kununua kubwa zaidi. Pengine fedha hizo hupotea bure, maana kasoro haiko nje. Imo humo humo nyumbani. Yafaa basi tulifahamu jambo hili.

Kwanza tujue ukubwa wa mzigo. Video hupelekwa kwa vipande vidogo mno vya habari viitwavyo biti. Video ya HD, yaani ile yenye picha safi ya mistari 1080, huhitaji kadiri ya megabiti 5 kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha, utapata megabiti 18,000. Na kwa kuwa biti 8 ni baiti moja, gawanya kwa 8: ni megabaiti 2,250, yaani gigabaiti mbili na robo. Mwenye kutazama saa moja kila siku kwa siku 30 hutumia gigabaiti 67 na nusu. Huo si mzigo mdogo.

Pili, tuitazame njia. Kwa miaka mingi meli ya Liemba, iliposafiri toka Kigoma kwenda kusini, ilisimama mbali na pwani penye vijiji visivyo na gati, na watu na mizigo wakateremshwa kwa mitumbwi. Meli ilikuwa kubwa, lakini upesi wa kushusha ulitegemea mitumbwi. Intaneti nayo ni vivyo hivyo. Hufika Dar es Salaam kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, mmojawapo ukiwa ule wa SEACOM ulioanza kazi mwaka 2009, kisha huivuka nchi hata kufika kwetu. Mwendo wa mwisho, toka ruta hadi televisheni, ndio mitumbwi.

Waifai ni mawimbi ya redio. Husambaa kama nuru ya taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku: karibu ni kali, mbali ni hafifu. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo tu, hata pasipo kizuizi. Ukuta mnene wa matofali huyapunguza mawimbi. Mabati, kabati la chuma na kioo cha kujitazamia huyarudisha nyuma. Pipa la maji huyanyonya. Tena ruta nyingi zina masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ruta za majirani na majiko ya maikrowevu huyagombania. Yale ya gigahezi 5 ni mepesi zaidi kwa kazi, lakini hayafiki mbali.

Tatu, katika mkondo mmoja wa waifai husema mmoja tu kwa wakati mmoja, na wengine hungoja. Video ikiwa katika kompyuta ya nyumbani, nawe unaipeleka kwenye televisheni, vyote viwili bila waya, kila kipande huvuka hewani mara mbili: toka kompyuta hadi ruta, na toka ruta hadi televisheni. Nusu ya nafasi imekwisha. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, na safari moja itaondoka.

Kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio hili. Chukua simu, simama hatua mbili toka kwenye ruta, tazama video. Kisha tazama ile ile katika chumba cha nyuma. Ikikwama chumbani tu, kasoro ni ya nyumbani: iweke ruta juu, katikati ya nyumba, mbali na chuma. Ikikwama pote pawili, hapo ndipo yafaa kumwuliza mwenye kuuza huduma.

Mwisho, liko jambo la kuokoa fedha. Somo ambalo mwenyewe ameruhusu lihifadhiwe, lipakue mara moja tu, uliweke katika kompyuta. Watoto wote wa nyumba watalitazama mara kumi kupitia ruta, wala halitakula bando hata kidogo, maana halitoki nje ya nyumba. Fedha iliyobaki yatosha kununua daftari na kalamu.