Kuhara kwa Watoto (3): Maji, Chumvi na Sukari

Mtoto anayehara na kutapika mara nyingi huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini, vimelea vilivyoelezwa katika makala mbili zilizopita vikiwa ndio chanzo tu. Masika yakishika na magazeti yakaanza tena kuandika habari za wodi zilizofurika, wazazi huulizia dripu kwanza. Kikombe na kijiko ndivyo vingestahili kutangulia.

Mwaka 1960, kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba utumbo mdogo hufyonza glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata mgonjwa anapohara maji matupu. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walionyesha mjini Dhaka kwamba mgonjwa wa kipindupindu anayekunywa mchanganyiko wa maji, chumvi na glukosi huhitaji dripu kidogo mno.

Wataalamu wengi hawakushawishika. Dawa ya kuchanganywa na mama jikoni ilionekana duni mno. Vita vya mwaka 1971 ndivyo vilivyoamua. Wakimbizi kutoka Pakistani ya Mashariki walifurika Bangaon, upande wa India wa mpaka, kipindupindu kikiwa kati yao. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, na dripu zikaanza kumwishia. Chumvi, glukosi na magadi ya kupikia vikapimwa mjini Calcutta na kutiwa kwenye mifuko ya plastiki, kisha dawa ikakorogwa ndani ya mapipa yenye bomba. Ndugu wa wagonjwa walikinga kwa vikombe na kuwanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba huenda ugunduzi wa jinsi glukosi na sodiamu zinavyofyonzwa pamoja ndio uliokuwa mkubwa kuliko wote wa kitabibu katika karne hiyo.

Bangladeshi iliyozaliwa na vita hivyo haikungoja viwanda. Kuanzia mwaka 1980, kwa muda wa miaka kumi, wanawake wa shirika la BRAC walipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, wakifundisha kipimo cha mkono: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, ukufi wa sukari guru, na maji ya nusu lita hivi. Mwalimu alilipwa kulingana na kile ambacho akina mama walikumbuka baadaye. Utaratibu huo wa malipo ungezifaa semina nyingi za afya za leo, ambazo hulipa posho kwa kuhudhuria.

Pakiti ya sasa ya mchanganyiko huo (ORS), iliyopunguzwa chumvi na sukari tangu mwaka 2002, kwa kawaida huchanganywa na lita moja ya maji safi na kumwagwa baada ya saa 24. Ikikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari kwa lita moja hutosha kuanzia. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Akitapika, husubiriwa dakika kumi, kisha huendelea kijiko kimoja kimoja. Zinki, miligramu 20 kwa siku (10 kwa aliye chini ya miezi sita), hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Kunyonya na uji haviachwi: kumshindisha njaa mtoto ili tumbo lipumzike ni kumwongezea ugonjwa. Soda huzidisha kuhara kwa wingi wa sukari yake, na antibiotiki za kununua dukani bila cheti hazina kazi dhidi ya virusi, ambavyo ndivyo chanzo cha kawaida.

Dripu ina mahali pake. Mtoto aliyelegea au asiyeamka vizuri, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyozama na ngozi ya tumbo inayorudi polepole sana ikifinywa, hukimbizwa hospitali mara moja. Anayehara damu naye hupelekwa bila kungoja, na huyo huhitaji antibiotiki.