Kuitikia dau au kujitoa? Hesabu ngumu ya poka mlango wa zawadi ukikaribia

KATIKA mashindano ya poka, hufika wakati ambapo mchezaji hodari hutupa karata nzuri kwa kusudi, na wenzake wakamsifu kwa busara. Wakati huo ni pale wachezaji waliosalia wanapokuwa wamezidi kidogo tu idadi ya watakaolipwa. Wenyewe hukiita kipindi hicho kiputo. Kikipasuka, kila aliyebaki ana chake. Aliyetoka kabla hakijapasuka huenda nyumbani mikono mitupu.

Poka inayozungumziwa hapa si ile ya mitaani kwetu ambapo mtu hutangaza “niko kadi” akikaribia kumaliza. Ni ile ya Texas, ambamo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na nyingine tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote. Mchezaji huweka dau kwa tokeni. Mwenzake ama huitikia dau hilo, ama huliongeza, ama hujitoa na kuzitupa karata zake.

Chukua mfano wa shindano kuu la World Series of Poker mjini Las Vegas, Marekani, mwaka wa 2024. Kiingilio kilikuwa dola 10,000, na walioingia walikuwa 10,112. Waliolipwa ni 1,517 pekee. Zawadi ndogo kabisa ilikuwa dola 15,000, zaidi ya Sh1.9 milioni kwa viwango vya mwaka huo, ilhali bingwa alitia kibindoni dola milioni 10. Mtu wa 1,518, aliyekuwa amewashinda watu zaidi ya elfu nane, hakuwa na fungu katika hazina hiyo.

Kiini cha tatizo ni kwamba tokeni si pesa. Katika mchezo wa kawaida wa fedha taslimu, tokeni ya elfu moja ni elfu moja, na mchezaji aweza kuinuka wakati wowote akaenda kuibadilisha. Katika shindano haibadilishwi. Hata bingwa, ambaye mwishoni huwa na tokeni zote zilizokuwamo ukumbini, halipwi pesa zote; hulipwa zawadi ya kwanza tu. Kwa hivyo tokeni anazozipata mtu humfaidi kidogo kuliko zinavyomuumiza zile anazozipoteza.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa tarakimu. Watu wanne wamebaki, kila mmoja ana tokeni 2,500. Zawadi ni tatu: Sh500, Sh300 na Sh200. Maadamu wanne hao wako sawa, nafasi ya kila mmoja ina thamani ya Sh250. Sasa mmoja anasukuma tokeni zake zote mbele, na wewe, ambaye hujaweka chochote, unaulizwa: waitikia au wajitoa?

Ukiitikia na kushinda, utakuwa na tokeni 5,000, mara mbili ya ulizokuwa nazo. Lakini thamani ya nafasi yako haitakuwa Sh500. Njia ya kuikokotoa ilitokana na mbio za farasi: mwanatakwimu David Harville aliichapisha mwaka wa 1973, kisha katika miaka ya 1980 Mason Malmuth akaileta kwenye poka. Uwezekano wa kuwa wa kwanza huchukuliwa kuwa sawa na fungu lako la tokeni zote. Ili kupata uwezekano wa kuwa wa pili, mshindi huondolewa kwenye hesabu, na fungu lako hupimwa upya miongoni mwa waliosalia.

Kwa tokeni 5,000 kati ya 10,000, una nusu ya uwezekano wa kuwa wa kwanza, theluthi moja ya kuwa wa pili, na sudusi ya kuwa wa tatu. Jumla yake ni Sh383. Hivyo basi unahatarisha Sh250 ili upate nyongeza ya Sh133. Ili kuitikia kusikuletee hasara, sharti uwe na uwezekano wa kushinda wa angalau asilimia 65.

Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme una jozi ya malkia, na mpinzani, kwa kiburi tu, anakuonyesha kuwa ana ree na mfalme. Utamshinda takriban mara 57 katika kila 100. Katika mchezo wa pesa taslimu ungeitikia bila kupepesa macho. Katika mfano wetu, hesabu inakuamuru utupe jozi hiyo, na wala hesabu haikosei.

Je, thamani inayopotea huenda wapi? Wawili wanaopigana walikuwa na Sh500 kwa pamoja. Baada ya pigano, anayesalia ana Sh383. Zile Sh117 zimegawanywa baina ya wawili waliokuwa wakitazama tu. Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika poka, karibu na zawadi, nyasi ndizo zinazonawiri.

Wenye tokeni nyingi wanalifahamu hili vyema, ndiyo maana husukuma dau kubwa hata wakiwa na karata duni. Anayesukuma ana njia mbili za kufaulu: wengine wajitoe, au karata zake zishinde. Anayeitikia ana moja tu. Iwapo una hakika kuwa mpinzani husukuma kwa karata zozote zile, jozi ya saba yatosha kumwitikia, kwani hushinda karibu mara 66 kwa 100. Asipokuwa mzembe kiasi hicho, ngoja jozi kubwa. Na kabla ya kuamua, tupa jicho upande wa pili wa meza: kama yupo mwenye tokeni chache ambaye dau za lazima zitammaliza hivi punde, sababu ya kujitoa huongezeka maradufu.

Hata hivyo, woga nao una gharama. Katika shindano la 2024 kila mtu alianza na tokeni 60,000, hivyo wastani kipindi cha kiputo ulikuwa karibu 400,000. Hazina ya zawadi ilizidi dola milioni 94. Ukiigawanya kwa watu 1,518, nafasi moja ni takriban dola 62,000. Kwa mwenye wastani huo, dola 15,000 hazifiki robo ya alicho nacho mkononi, na kuzikodolea macho ni kuwaachia wengine wampore kidogo kidogo. Kwa mwenye tokeni 40,000, hizo 15,000 ndizo karibu kila kitu.

Kinyume chake ni mashindano madogo ya kufuzu, ambamo zawadi zote ni sawa: kiti katika shindano kubwa. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alipata kiti chake cha mwaka wa 2003 kupitia shindano la namna hiyo kwenye intaneti, kwa dola 86, kisha akatwaa ubingwa na dola milioni 2.5. Viti vikiwa kumi na watu wamebaki kumi na mmoja, mwenye tokeni za kutosha hutupa hata jozi ya ree. Jozi hiyo hushindwa karibu mara 15 kwa 100, na hakuna kiti cha pili cha kumtuza kwa ujasiri.

Huko Las Vegas, kiputo kikikaribia kupasuka, kila meza hucheza mkono mmoja kisha husubiri nyingine zote zimalize, ili asiwepo wa kuvuta muda akingoja wenzake waanguke. Wakitoka wawili katika mkono huo huo kwenye meza tofauti, hugawana zawadi. Na katika miaka kadhaa waandaaji wamempa anayetoka wa mwisho bila malipo tiketi ya kushiriki mwaka unaofuata, kwa hivyo anayeumia hasa ni yule aliyetoka mkono mmoja kabla yake.