Mkono Mwepesi Katika Hatamu

Apitaye asubuhi katika njia za Kimbo na Matangi, upande wa Ruiru, au ashukaye kuelekea Kiandutu na Makongeni mjini Thika, hakosi kukutana na punda akikokota mkokoteni wa maji, mitungi imepangwa safu juu ya safu, na mwenyewe ameketi mbele, kamba mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Nimekusudia kuieleza mikono hiyo miwili, na hasa ule wa kamba, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba huo ni wa kuvutia tu, na kwamba ule wa fimbo ndio wa kufundishia. Na dhana hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo asili ya madhila mengi yanayowapata wanyama hawa, na ndiyo impunguziayo mwenye mkokoteni chumo lake bila yeye kutambua.

Maarifa ya hatamu yalikuzwa zaidi kwa farasi kuliko kwa punda, na farasi katika nyanda hizi hakuwa mnyama wa kila mtu. Maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaozaliana penye unyevu, yaliwaua wengi kabla ya kupatikana chanjo, na ndiyo sababu mizigo ya walowezi wa kwanza ilikokotwa na maksai. Hata hivyo farasi walikuwako. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndiyo kwanza ameuacha urais wa Marekani, alipofikia mwaka 1909 katika shamba la mlowezi McMillan huko Juja, mahali palipo baina ya Ruiru na Thika, alikuwa akiwindia juu ya farasi, na mmoja wao aliitwa Tranquillity, jina la utulivu. Mwindaji ahitaji mnyama wa namna hiyo: asimame hatamu ilegezwapo, asubiri, na aitikie upesi aombwapo kuondoka. Sifa hizo hazizaliwi na mnyama zikiwa kamili, hufundishwa.

Fani iliyoyafikisha mafundisho hayo katika kilele chake ni ile ya farasi wa hatamu, ambayo asili yake ya mbali ni upandaji wa wapiganaji wa Kiberiberi wa kabila la Zenata, ulioingia Andalusia zama za Waislamu, ukachukuliwa na Wahispania hadi Meksiko, kisha ukaota mizizi kwa wachunga ng'ombe wa California. Mpiganaji alihitaji mkono mmoja kwa ajili ya mkuki, naye mchungaji alihitaji mkono mmoja kwa ajili ya kamba ya kunasia. Kwa hiyo wote wawili walilazimika kumwongoza farasi kwa mkono uliobaki, na mkono mmoja hauwezi kushindana nguvu na mnyama wa ratili elfu moja. Mwaka 1966 Wamarekani waliasisi chama kiitwacho National Reining Horse Association ili kuiwekea fani hiyo kanuni na mashindano.

Katika mashindano hayo mpandaji huingia uwanjani peke yake, akamwendesha farasi kwa taratibu iliyowekwa tangu awali: duara kubwa kwa shoti na duara ndogo kwa mwendo wa pole, kubadili mguu utanguliao pasi na kukatisha mbio, kuzunguka papo hapo juu ya mguu mmoja wa nyuma, kisha kukimbia moja kwa moja na kusimama kwa kuteleza juu ya miguu ya nyuma, hali ile ya mbele ingali ikitembea. Kila mshindani huanza na alama 70, na waamuzi huongeza au hupunguza kwa kadiri ya ubora wa kila tendo. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kwamba aghalabu hatamu huonekana imelegea, yaning'inia shingoni, na mtazamaji asiyejua hudhani kuwa farasi ajiendea mwenyewe. Kule kulegea ndiko ushahidi wa elimu yote iliyotangulia, kwani mnyama anayevutwa kila mara hawezi kwenda hivyo hata kwa dakika moja.

Sasa na tuitazame sababu yenyewe, maana iko mwilini mwa mnyama wala si muujiza wa mpandaji. Baina ya meno ya mbele na magego farasi ana pengo lisilo na meno, na hapo ndipo lijamu hukaa, chuma juu ya ulimi na juu ya ufizi mwembamba uliofunika mfupa wa taya. Mahali hapo pana mishipa mingi ya fahamu. Mnyama huyu huyu ambaye nzi mmoja akimtua ubavuni huitikisa ngozi ya mahali pale peke yake ili amfukuze, ndiye tunayeambiwa kwamba hasikii mpaka avutwe kwa mikono miwili na kupigwa kwa visigino. Asikia mno, ila amefundishwa kutoitikia.

Hufundishwaje kutoitikia? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ningeomba msomaji asiharakie. Farasi hajui, mwanzoni, maana yoyote ya kuvutwa hatamu. Ahisi uzito mdomoni, naye hutafuta namna ya kuuondoa: huinua kichwa, hufungua kinywa, husukuma mbele, hugeuka huku na huku, na katika kutafuta huko siku moja hutokea kwamba apunguza mwendo. Ikiwa uzito ule waondoka papo hapo, katika muda usiozidi sekunde moja au mbili, mnyama hushika kwamba kupunguza mwendo ndiko kulikomletea raha, na mara ya pili atapunguza upesi zaidi. Ikiwa uzito haukuondoka, atajua kwamba kupunguza mwendo hakukumfaa kitu, atajaribu jambo jingine, na mwishowe ataacha kujaribu. Kuvuta kwenyewe hakumfundishi neno. Afunzwaye na hatamu hufunzwa na kule kuachiliwa. Mpandaji avutaye tangu mwanzo wa safari hadi mwisho humwambia farasi wake jambo moja tu mchana kutwa, nalo ni kwamba hakuna jawabu lililo sahihi. Ufizi hupata jeraha, kisha ngozi yake huwa ngumu, na mwenye farasi hununua lijamu kali zaidi, na ile kali nayo huzoeleka.

Mtu hodari katika fani hii, basi, ana utaratibu asioukiuka. Kwanza huomba kwa wepesi kabisa, kwa kufunga vidole tu juu ya hatamu. Asipojibiwa huongeza kidogo kidogo, bila ghadhabu na bila kurusha mkono, kama atiaye uzito katika mizani, hadi lipatikane jawabu, japo dogo. Na lipatikanapo hulegeza mara moja na kumwacha mnyama apumue. Mara ijayo huanza tena kwa wepesi ule ule wa kwanza. Wengi hukosea hapo, kwani wakisha kuona kwamba jana ilihitajika nguvu, leo huanza na nguvu, wakamnyima mnyama nafasi ya kuitikia dogo. Xenophon wa Athene, aliyeandika juu ya farasi katika karne ya nne kabla ya Masihi, alikwisha fundisha kwamba farasi akijichukua vizuri apewe hatamu iwe ndiyo malipo yake, nami sijaona kanuni iliyolishinda hilo.

Wala mkono si chombo cha pekee. Farasi huhisi kiti cha mpandaji, namna kiuno chake kinavyofuata mwendo wa mgongo, na hata pumzi anayoshusha. Na kule kusimama kwa kuteleza, ambako watazamaji hukushangilia sana, huanza mpandaji anapoacha kufuata mwendo na kuketi kwa uzito wake, kisha neno, na hatamu huja mwisho kabisa ikihitajika. Akivuta kwanza, farasi huinua kichwa, mgongo ukabonyea, miguu ya nyuma ikashindwa kuingia chini ya tumbo, na kusimama kukawa ni kugonga ardhi kwa miguu ya mbele. Fauka ya hayo, kusimama huko kwataka uwanja wa mchanga juu ya sakafu ngumu. Katika udongo mweusi wa Juja, unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, jambo hilo lingemvunja mnyama miguu, na mtu asilijaribu.

Nina neno moja la lawama kwa fani hii niipendayo. Shindano lake lililo maarufu kuliko yote huko Marekani ni la farasi wa umri wa miaka 3, ilhali pingili za uti wa mgongo hazijakomaa mpaka mnyama apite miaka mitano. Mafundisho ya wepesi yakitendwa kwa haraka hayawi mepesi tena, na tuzo kubwa haihalalishi jambo hilo.

Turudi kwa punda wetu. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya, na ile ya 2019 ikawakuta kiasi cha milioni 1.2; katika miaka hiyo vilikuwa vimefunguliwa vichinjio vya kuuza ngozi zao ng'ambo, na wengi waliibwa usiku wakachinjwa. Apotezaye punda aliyefundishwa hapotezi nyama na ngozi tu, hupoteza elimu ya miaka, na elimu hiyo hainunuliki sokoni siku ya pili.

Punda hufuata kanuni ile ile ya kuachiliwa, ila hulka yake si ya farasi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, akatafakari, na kusimama huko watu wamekuita ukaidi. Ampigaye wakati ule huongeza hofu juu ya hofu. Kule Lamu, ambako hospitali ya punda imekuwako tangu mwaka 1987 na ambako mbio za punda hufanyika wakati wa Maulidi, vijana huwapanda aghalabu pasi na tandiko wala lijamu, wakawaongoza kwa sauti, kwa uzito wa mwili na kwa kuwagusa shingoni, nao hupita katika vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa taabu. Yanayowezekana katika mji wa mawe yawezekana katika Ruiru.

Mwenye mkokoteni na aanze bila mzigo, mahali pasipo na magari, kwa mshipi mpana juu ya pua badala ya kamba nyembamba inayokata ngozi. Afundishe kusimama kwanza, kwa neno moja lisilobadilika, likifuatwa na mvuto mwepesi, na kamba ilegezwe mara kwato zitakapotulia. Kisha kurudi nyuma hatua moja, ndipo kugeuka kulia na kushoto. Punda ajuaye kusimama kwa neno ndiye atakayemwokoa bwana wake ukingoni mwa barabara kuu ya Thika, ambako malori hayangoji mtu; na yule aliyezoea kupigwa matakoni kila hatua, fimbo kwake imekuwa sawa na kelele za njiani, haina maana tena siku itakayohitajika. Atazame pia mzigo: ukielemea mbele huukandamiza mgongo, ukielemea nyuma huinua mbele ya mkokoteni na kuukaza mkanda tumboni, na mnyama mwenye maumivu hana nafasi ya kusikiliza hatamu.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, humtia hatiani ampigaye mnyama kikatili au amtumikishaye kupita kiasi. Lakini askari hawezi kusimama kila kona ya Kimbo. Nawaomba wenye mikokoteni wa Thika na Ruiru, kupitia vikundi vyao, wamwalike daktari wa mifugo wa wadi mara moja kila mwezi, wakutane na vijana wanaoajiriwa kuendesha punda kabla hawajapewa kamba mkononi, na kijana asiyeweza kumsimamisha punda kwa neno na kwa vidole viwili asikabidhiwe mkokoteni wenye mzigo.