Faili Lililopita Ukaguzi na Bado Likadanganya

Kabla bodi haijatengenezwa, mhandisi huijaribu kwenye kompyuta aone kama ishara zitafika upande wa pili zikiwa safi. Programu ya uigaji haiijui chipu yenyewe. Inachojua ni kile ilichosoma kwenye faili la modeli. Faili likiwa na kasoro, mchoro wa kwenye skrini utapendeza machoni na utakuwa uongo.

Mafaili mengi ya aina hii hufuata mfumo wa IBIS, ulioanzia Intel, toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 1993. Ni maandishi ya kawaida. Yanafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Hayaonyeshi transista zilizomo ndani ya chipu, ndiyo maana watengenezaji hawasiti kuyatoa: siri ya usanifu inabaki kwao. Yanaeleza tabia ya pini tu, yaani kwa volti fulani unapita mkondo kiasi gani, na wimbi linapanda au kushuka kwa kasi gani.

Anza kwa kulipitisha faili kwenye ibischk, programu ya ukaguzi inayopatikana bure. Makosa mengi ya hapo ni ya uandishi: jina la faili halifanani na lile lililoandikwa ndani, au pini imetajiwa modeli ambayo haimo. Hayo hayasumbui. Yanayotaka subira ni maonyo, hasa lile linalosema jedwali la wimbi halipatani na jedwali la mkondo. Wengi huliruka kwa kuwa ni onyo tu. Kwangu mimi, hilo ndilo zito kuliko yote.

Chukua karatasi. Tuseme chipu ni ya volti 3.3, na wimbi la kushuka lilichukuliwa kwa mzigo wa omu 50 uliounganishwa na volti 3.3. Wimbi linatulia kwenye volti 0.4. Mzigo umebeba volti 2.9, gawanya kwa 50, unapata miliampea 58. Sasa fungua jedwali la mkondo wa kushusha, liitwalo Pulldown, mstari wa volti 0.4. Ukikuta namba iliyo karibu na 58, endelea na kazi. Ukikuta 30, basi majedwali hayo mawili hayazungumzii chipu moja katika hali moja.

Kwa Pullup, jedwali la mkondo wa kupandisha, hesabu ni ileile, ila volti zake huhesabiwa kutoka volti ya umeme wa chipu kwenda chini. Wimbi la kupanda, mzigo ukiwa umeunganishwa na volti 0, likitulia kwenye 2.8, tazama mstari wa 0.5, na utarajie mkondo wenye alama ya kutoa, kwa kuwa unatoka nje ya chipu. Wapo waliolitupa faili zima kwa kutojua hili.

Kagua pia diodi za ulinzi. Mkondo wake usipoondolewa kwenye Pulldown, programu huuhesabu mara mbili, na wimbi linalozama chini ya sifuri huonekana dogo kuliko lilivyo.

Ukithibitisha kasoro, usibadilishe namba ili onyo liondoke. Mwandikie mtengenezaji, umtajie jedwali, mstari na hesabu yako, umwombe faili jipya.